Kuwamba Upya Viti vya Gari: Ufundi wa Barazani, Amana ya Barabarani

Anayepewa nafasi katika gari la jirani kutoka Lungalunga hadi Likoni hujua umri wa gari hilo kabla ya kuuliza. Injini huenda ikanguruma vyema na rangi ya nje ikang'aa, lakini kiti humwambia kweli yote: sponji imekufa, chuma chamchoma ubavuni, kitambaa kimepasuka kwenye mshono, na vumbi la manjano laanguka juu ya kanzu. Mwenye gari huomba radhi, hutandika taulo au leso kuukuu juu ya tundu, na safari huendelea. Miaka hupita hivyo.

Hapa kwetu Kwale viti vya gari huchakaa upesi, na sababu zake zaeleweka. Kenya, kupitia kiwango cha KS 1515, hairuhusu kuingizwa nchini gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa gari jipya ni ghali mno, wengi wetu hununua lililotumika Japani kwa muda unaoukaribia ukomo huo. Linapoteremshwa bandarini Mombasa, viti vyake vimekwisha kubeba watu miaka sita au saba katika nchi yenye majira ya baridi. Kisha huanza maisha ya pili katika jua la Diani na unyevu wa Msambweni, ambako hewa ina chumvi mwaka mzima. Jua hukausha kitambaa na kuifanya sponji kuwa kama mkate mkavu. Chumvi hufyonza unyevu na kualika kutu kwenye fremu. Mchanga wa ufukweni, unaoingia na miguu ya watoto, hujipenyeza katikati ya nyuzi na kuzikata kidogo kidogo kama msasa.

Wapo wanaodhani jambo hili ni la urembo tu. Sivyo. Kiti ndicho kinachomweka dereva mahali pake, ndicho kinachoubeba mgongo wa anayeendesha Probox kutwa kucha akitafuta riziki, na ndicho anacholalia mama mjamzito anapokimbizwa Hospitali ya Rufaa ya Msambweni usiku. Ajali ikitokea, kiti na mkanda wake ndivyo vinavyoamua ni nani atakayerudi nyumbani. Kwa hiyo makala haya yana maneno ya aina mbili: namna familia inavyoweza kuwamba upya viti vyake barazani, na mipaka ambayo mkono usio na ujuzi haufai kuivuka.

Ufundi usio mgeni kwetu

Neno tulilonalo kwa kazi hii ni la kale: kuwamba. Wazee wetu waliwamba ngoma kwa ngozi na kitanda kwa kamba, na kanuni ilikuwa ile ile ya leo, yaani kukivuta kitu juu ya fremu hadi kikaze sawasawa pande zote, kisiwe na bonde wala mkunjo. Kiti cha enzi, kile cha mbao nyeusi kilichowekwa sebuleni kwa mgeni mwenye heshima katika miji ya Waswahili, kina sehemu zilizowambwa kwa nyuzi kwenye kikalio na mgongoni. Aliyekikalia alibebwa na mvutano wa nyuzi tu, bila mto wala godoro.

Hata vya kujazia vilikuwa vyetu. Makumbi ya nazi yalifukiwa kwenye matope ya ufuo hadi yakaoza, yakapondwa, na usumba wake ukasokotwa kamba au kujaziwa magodoro. Msufi nao ulitupa usufi wa mito. Ulimwengu haukuudharau usumba: magari ya zamani ya Volkswagen, yale yenye umbo la kobe, yalijaziwa viti vyake kwa nyuzi za nazi na manyoya ya farasi. Katika jimbo la Pará nchini Brazil, kampuni ya Daimler-Benz ilishirikiana na mradi wa POEMA kuanzia miaka ya 1990 kutengeneza vichwa vya viti na matakia kwa nyuzi za nazi zilizoshikanishwa kwa utomvu wa mpira. Kwa kaunti inayosifika kwa minazi kama yetu, hilo ni jambo la kutafakari.

Sponji ya leo ina asili nyingine. Mwaka 1937 mwanakemia Mjerumani Otto Bayer na wenzake waligundua namna ya kutengeneza poliurethani, na baada ya vita vikuu vya pili kampuni za magari zikaanza kuitumia kwa kuwa ni nyepesi na hufinyangwa kwa umbo lolote. Ubora wake ni kwamba hurudi ilipokuwa baada ya kubonyezwa. Udhaifu wake ni kwamba jua, joto na jasho huvunja kuta za vijitundu vyake vidogo, nayo hugeuka unga. Lile vumbi la manjano chini ya kiti ni sponji iliyokwisha kufa, na hakuna dawa ya kuifufua. Hubadilishwa.

Mambo matatu ya kuyajua kabla ya kushika spana

La kwanza ni mifuko ya hewa, ile mafundi waiitayo eabagi. Magari mengi yaliyotengenezwa katika miaka 20 iliyopita yana mfuko wa hewa ndani ya ubavu wa kiti cha mbele. Utaujua kwa kijitambulisho kilichoshonwa ubavuni chenye herufi SRS au neno AIRBAG. Mfuko huo hujaa kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na hutoka kwa kuupasua mshono uliotengenezwa makusudi upasuke. Ukiushona mshono huo kwa uzi mnene, au ukavisha juu yake kifuniko kizito kisicho na nafasi, mfuko hautatoka unapotakikana, au utatoka upande usiofaa. Kwa hiyo kiti chenye alama hiyo kisishonwe nyumbani ubavuni mwake. Mpelekee fundi anayeujua mshono huo, au ubakishe ubavu wa asili na kushughulikia kikalio peke yake.

Chini ya kikalio cha abiria wa mbele huenda pia kukawa na kihisio kinachoiambia kompyuta ya gari kama kuna mtu ameketi. Kikikatwa au kikikunjwa, mfuko wa hewa wa mbele huenda usifanye kazi. Ukikuta utando mwembamba wenye nyaya juu ya sponji au chini yake, usiutoboe na usiupake gundi.

La pili ni mikanda. Kanuni za uchukuzi za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 wakati John Michuki alipokuwa waziri, ziliwalazimisha wenye matatu kufunga mikanda kwa kila abiria, na tangu hapo neno mkanda halina ugeni kwa yeyote. Lakini ni wachache wanaojua kwamba katika magari mengi kifungio cha mkanda kimefungwa kwenye kiti chenyewe, wala si sakafuni. Chukua hesabu hii: gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, mtu wa kilo 70 huuvuta mkanda wake kwa nguvu inayozidi uzani wa kilo 1,300. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupita kwenye bolti chache za kiti. Ndiyo maana bolti za kiti hazibadilishwi kwa bolti za mlango wa uani, na mkanda uliochanika haushonwi kwa cherehani. Mkanda uliochanika hutolewa, ukafungwa mwingine mzima.

La tatu ni umeme. Kabla ya kuchomoa waya wowote chini ya kiti, zima gari, ondoa waya hasi wa betri, na usubiri dakika 10 ili umeme uliobaki katika mfumo wa mifuko ya hewa ukatike. Nyaya zake aghalabu huwa na rangi ya manjano, na hizo zataka adabu. Wakati kiti kiko nje, mtu yeyote asiwashe gari, kwani taa ya hitilafu itawaka na huenda ikahitaji mashine ya fundi kuizima.

Kiti kimeugua wapi?

Kiti kina tabaka tatu, na gharama hutegemea ni lipi lililougua. Juu kuna kifuniko cha kitambaa, reksini au ngozi. Katikati ni sponji. Chini ni fremu ya chuma yenye springi au waya. Wengi hubadilisha kifuniko ilhali maradhi yako chini yake, na baada ya miezi mitatu bonde hurudi pale pale.

Keti kitini, kisha uinuke na kuhesabu. Sponji nzima hurudi mara moja. Ikibaki na umbo la mwili wako, imechoka. Pitisha mkono chini ya kikalio: ukigusa waya uliokatika au springi iliyochomoka, fremu yataka matengenezo. Sukuma mgongo wa kiti mbele na nyuma. Ukitikisika au ukitoa mlio wa chuma, huenda ungio limelegea au limeliwa na kutu, na hapo kazi si ya sindano tena. Fremu iliyopasuka au iliyooza karibu na bolti haichomelewi uani, kwani joto hubadilisha nguvu ya chuma. Tafuta kiti kizima cha gari la aina hiyo hiyo kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika.

Kununua kwa mizani

Sponji huuzwa kwa unene, lakini thamani yake imo katika uzito. Vipande viwili vyenye unene sawa vyaweza kuwa mbali kama mchele na makapi. Wataalamu hupima kilo kwa kila mita moja ya ujazo, na kwa kikalio cha gari ni vyema usishuke chini ya kilo 40. Huhitaji maabara kulijua hilo. Kipande chenye urefu wa sentimita 50, upana wa 50 na unene wa 10, chenye kilo 40 kwa mita ya ujazo, kitakuwa na uzani wa kilo moja kamili. Kiweke juu ya mizani ya duka la jirani. Kikionyesha nusu kilo, umeuziwa sponji ya kilo 20, inayofaa mto wa mapambo, na itabonyea kabla ya mvua za mwaka ujao. Muuzaji mwaminifu hataona vibaya kupimiwa bidhaa yake.

Usumba waweza kutumika chini ya sponji kama tabaka gumu, hasa kwenye kiti kirefu cha nyuma, mradi uwe umeoshwa chumvi na kukaushwa barabara. Usufi usiutie garini. Ni mwepesi na mwororo, lakini hushika moto kwa kasi.

Suala la moto lisipuuzwe. Marekani ina kanuni tangu 1972 kwamba kitambaa cha ndani ya gari kisiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Kitambaa cha mtumba au cha duka la nguo hakikupimwa kwa kipimo hicho. Mtu mzima aweza kukijaribu nje ya nyumba, mbali na watoto, akiwa na ndoo ya maji: kipande cha sentimita 10 kikishikwa kwa koleo, kikalazwa sawa na ardhi na kuwashwa ncha moja, kisimalizike kabla ya dakika moja kupita. Kinachojizima chenyewe ndicho bora. Usivute moshi wake, na usichome sponji kwa jaribio la aina hii, kwa maana moshi wa sponji una sumu kali.

Katika kuchagua kifuniko, reksini ni rahisi kuosha na haipitishi maji kwa juu, lakini huchoma miguu gari likiachwa juani. Kitambaa cha viti, kilichofumwa kwa nyuzi nzito, hupumua vizuri zaidi katika joto letu. Vitambaa vya pamba vya mapazia na leso nzuri za Mtaa wa Biashara, Mombasa, ziache kwa kazi zake: juani hupauka, na nyuzi zake huoza kwa jasho. Anayetaka ngozi, na hasa anayenunua kipande kilichotumika, aikague. Ngozi za viti kwa kawaida ni za ng'ombe, lakini ngozi ya nguruwe hutambulika kwa vitundu vya vinyweleo vilivyokaa vitatu vitatu, na ni haki ya mnunuzi kuuliza.

Kwa gari dogo lenye viti viwili vya mbele na kimoja kirefu cha nyuma, kadiria mita 6 hadi 8 za kitambaa chenye upana wa mita 1.4. Uzi uwe wa poliesta, kwani huvumilia jua kuliko nailoni, na uzi wa pamba wa kushonea nguo usitumike kabisa. Sindano ya cherehani iwe namba 16 au 18.

Kazi yenyewe

Majira bora ni ya kaskazi, Januari na Februari, wakati hewa ni kavu. Kuanza Aprili au Mei, masika yakiwa yamepamba moto, ni kujitafutia sponji yenye ukungu. Tenga siku mbili kwa kiti cha kwanza, na ufanye kiti kimoja kwa wakati. Kile cha pili kibaki kizima ili kiwe shahidi wako utakaposahau jambo.

Kiti hutolewa kwa kukisogeza nyuma na kulegeza bolti za mbele, kisha mbele na kulegeza za nyuma. Kwa kuwa betri imekatwa, kiti chenye kusogezwa kwa umeme kisogezwe kabla. Kwa magari mengi ya Toyota, spana namba 14 hutosha. Kila bolti iwekwe katika bakuli lake na kupigwa picha mahali ilipotoka. Kukitoa ni kazi ya watu wawili, kwa sababu kiti ni kizito na reli zake zina kingo kali. Kilaze juu ya mkeka au busati kuukuu barazani.

Ondoa kichwa cha kiti na vifuniko vya plastiki. Kifuniko cha kitambaa hushikwa kwa kulabu za plastiki kwenye ukingo wa chini, na kwa pete ndogo za waya zinazokivuta ndani ya mifereji ya sponji. Kata pete hizo kwa koleo. Ndani ya mifereji utakuta fito nyembamba za chuma zilizopitishwa kwenye pindo la kitambaa. Zitoe na uzihifadhi, kwani ndizo zinazokipa kiti umbo lake. Kiti kilichoshonwa bila fito hizo hufura kama gunia.

Sasa shughulikia fremu. Isugue kutu kwa brashi ya waya, ipanguse, uipake rangi ya kuzuia kutu, na uiache ikauke usiku kucha. Kisha sponji. Si lazima kubadilisha yote. Kata sehemu iliyokufa kwa kisu cha mkate chenye meno, ukifanya kingo zilizonyooka, na ukate kipande kipya kinachozidi kidogo ili kibane. Paka gundi ya mpira pande zote mbili, subiri mpaka isinate kidoleni, kisha bonyeza. Kazi hii ifanyike penye upepo, mbali na jiko na sigara. Juu ya yote, tandaza sponji nyembamba ya nusu sentimita hadi moja ili kuficha viungo.

Kifuniko cha zamani ndicho ramani yako. Kabla ya kukifumua, andika kila kipande namba na mshale wa kuonyesha juu na mbele, na uweke alama ndogo zinazokutana kila baada ya sentimita 10 kwenye mishono. Kisha fumua kwa wembe, kipande kwa kipande. Vilaze juu ya upande wa ndani wa kitambaa kipya na uchore kwa chaki, ukiacha nafasi ile ile ya mshono iliyokuwapo, ambayo kwa kawaida ni kama nusu inchi. Hakikisha vipande vyote vinaelekea upande mmoja, la sivyo kiti kitaonekana cha rangi mbili kikipigwa na jua.

Hapa ndipo akina mama na akina dada wenye cherehani, waliozoea mabuibui na mapazia, watakapogundua kwamba elimu wanayo tayari. Tofauti ni chache. Hatua za sindano ziwe ndefu, milimita 3 hadi 4, maana hatua fupi huitoboa reksini mfululizo na kuifanya ichanike kama stempu. Usitumie pini kushikanisha, kwa sababu tundu la pini kwenye reksini halifi. Tumia vibanio vya nguo. Reksini ikinata chini ya mguu wa cherehani, weka karatasi nyembamba juu yake, ushone, kisha uichane. Cherehani ya nyumbani hushona tabaka mbili au tatu bila taabu ukizungusha gurudumu kwa mkono penye unene. Ikikataa, usiilazimishe, peleka vipande vilivyokatwa kwa fundi mwenye mashine nzito, umlipe kazi ya kushona tu.

Kuvisha ndiko kuwamba kwenyewe. Anika kifuniko kipya juani nusu saa kilainike. Rudisha fito kwenye pindo, anza katikati, kisha nenda kushoto na kulia kwa zamu, ukivuta kidogo kidogo. Asiyekuwa na pete za waya na koleo lake aweza kutumia vikanda vya plastiki vinavyojifunga, vile mafundi wa umeme hufungia nyaya. Mikunjo midogo itaondoka kwa mvuke wa birika ukiupitisha kwa mbali.

Mwisho, rudisha kiti na uunganishe nyaya kabla ya kurudisha betri. Kaza bolti zote kwa zamu mpaka zikaze kikamilifu. Kisha pima: je, reli inashika pande zote mbili kiti kinaposogezwa? Mgongo wa kiti unabaki pale ulipoachwa? Mkanda unafunga na kufunguka? Vishikizo vya kiti cha mtoto, vilivyo katikati ya kikalio na mgongo wa kiti cha nyuma, viko wazi? Taa ya mfuko wa hewa imezimika baada ya gari kuwashwa? Jibu moja la hapana latosha kulizuia gari lisitoke, hadi fundi alikague.

Anayesitasita aanze na kiti cha pikipiki au cha tuktuk. Hivyo havina mifuko ya hewa wala fito. Ni sponji juu ya ubao au plastiki, na reksini iliyopigwa pini kwa chini. Kosa la hapo ni la bei nafuu, na funzo lake ni lile lile.

Usafi na unyevu

Gari letu hubeba samaki wa Msambweni, mahindi ya Shimba Hills, na mtoto asiyeweza kungoja mpaka nyumbani. Masuala ya tahara tuwaachie masheikh watueleze; la kiufundi ni kwamba maji yakimwagwa mengi kwenye sponji hukaa humo siku kadhaa na kuzaa ukungu na harufu. Nyonya kwanza kwa kitambaa kikavu, mwaga maji kidogo, nyonya tena, ukirudia mpaka yatoke safi, kisha acha milango wazi upepo upite. Wenye watoto wadogo wafanye busara ya kushona kifuniko cha ziada cha kiti cha nyuma, chenye kamba za kufunga na matundu ya vifungio vya mikanda, kinachovuliwa na kufuliwa. Hapo safari ya Ijumaa au ya harusi haimwachi mtu na shaka juu ya nguo yake.

Kioo cha mbele kikifunikwa gari linapoegeshwa juani, na mchanga ukipanguswa kila wiki, kazi uliyoifanya itaishi miaka mingi zaidi.

Kiti kipya, gari kuukuu

Limebaki jambo moja zito. Kiti kilichowambwa vizuri hulifanya gari lote lionekane changa, na papo hapo panazaliwa kishawishi. Wapo wanaovisha viti vipya gari lililowahi kuzama majini, ili kuficha kutu ya sakafu na harufu ya tope, kisha humwuzia maskini wa Mungu aliyejinyima miaka mitano. Hiyo ni ghushi, na haisafishiki kwa kusema kuwa mnunuzi hakuuliza. Anayeuza gari aseme wazi viti viliwambwa lini na kwa nini, na akiwa bado anacho kifuniko cha zamani, akionyeshe. Naye anayenunua asiridhike na wororo wa kikalio. Ainame, achungulie chini ya kiti, aguse reli na bolti, na auvute mkanda mpaka mwisho wake: tope iliyokauka kwenye mkunjo wa ndani wa mkanda ni habari ambayo kitambaa kipya hakiwezi kuificha.

Wala kazi ya nyumbani isiwe sababu ya kumpunja fundi. Ukishona kiti kimoja kwa mikono yako, utajua ni saa ngapi zilizomo, na hutambishania tena kana kwamba anauza karanga. Vijana wetu nao wautazame ufundi huu kwa jicho la kazi. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani hutahini mafundi kwa daraja la 3, la 2 na la 1. Kijana aliyeanza kwa kiti cha pikipiki ya mjomba wake barazani Ukunda ana mlango wa kupitia, akitaka.

Jumamosi hii, kabla ya kununua chochote, fanya kazi isiyo na gharama. Fungua milango ya gari, tafuta alama ya SRS ubavuni mwa viti, pitisha mkono chini ya kila kikalio, na uvute kila mkanda mpaka mwisho. Andika ulichokikuta. Orodha hiyo itakuambia kama unahitaji sindano, fundi, au kiti kingine kabisa. Na waliomo garini mwako ni amana iliyo mikononi mwako.